Katizo, Hodi na Mvuko: Kupunguza Gharama ya Makatizo katika Viendeshaji vya Mashine Pepe

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza tatizo moja la sayansi ya kompyuta, nalo ni hili: kwa nini kompyuta inayofanya kazi ndani ya kompyuta nyingine, yaani mashine pepe, hupoteza nguvu nyingi kila inapopata ishara kutoka kwenye kadi ya mtandao au diski, na ni mbinu zipi zinazotumika kuipunguza hasara hiyo. Huenda msomaji akajiuliza suala kama hili linahusianaje na taaluma ya Kiswahili. Istilahi za kompyuta tulizozizoea katika Kiswahili ni zile zinazoonekana kwenye skrini: faili, hariri, hifadhi, chapisha, futa. Kazi ya kuzisanifisha programu za ofisi, kama ile iliyozaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilihitaji zaidi maneno ya namna hiyo. Lakini mwanafunzi anayetaka kueleza kwa Kiswahili yale yanayotendeka chini ya skrini hujikuta ana maneno machache, na mara nyingi neno moja hulazimika kubeba dhana mbili au tatu.

Hoja yetu ni mbili zinazotegemeana. Kwanza, gharama kubwa ya katizo katika mashine pepe haitokani na katizo lenyewe. Inatokana na kuvuka mpaka kati ya mashine pepe na programu inayoisimamia. Pili, mtu hawezi kuifahamu hoja ya kwanza iwapo lugha anayoitumia haitenganishi katizo, hodi na mvuko. Tutaanza kwa kueleza katizo katika kompyuta halisi (sehemu ya 2.0), kisha tutaonyesha jinsi gharama yake inavyoongezeka katika mashine pepe (3.0), mbinu za kuipunguza (4.0) na namna ya kuchagua kati ya mbinu hizo (5.0). Sehemu ya 6.0 inajadili istilahi tulizozitumia.

2.0 Katizo katika Kompyuta Halisi

Prosesa hutekeleza amri moja baada ya nyingine. Vifaa vilivyounganishwa nayo, kama vile kibodi, diski na kadi ya mtandao, hufanya kazi kwa mwendo wao wenyewe, na mwendo huo aghalabu ni wa polepole mno ukilinganishwa na ule wa prosesa. Kuna njia mbili za kuifahamisha prosesa kwamba kifaa kimemaliza kazi yake. Njia ya kwanza ni uchunguliaji: prosesa hurejea kila mara kukitazama kifaa, ikiuliza iwapo kuna jambo jipya. Njia ya pili ni katizo: prosesa huendelea na shughuli zake, na kifaa chenyewe huikatiza kinapokuwa na habari.

Katizo hupitia hatua zifuatazo:

(a) Kifaa hupeleka ishara kwenye kidhibiti katizo, ambacho huifikisha kwa prosesa.
(b) Prosesa huhifadhi mahali ilipofikia katika kazi iliyokuwa ikiifanya.
(c) Prosesa huruka hadi kwenye kiendeshaji, yaani ile sehemu ya mfumo wa uendeshaji inayojua lugha ya kifaa kinachohusika.
(d) Kiendeshaji hushughulikia habari iliyoletwa, kwa mfano pakiti iliyofika kwenye kadi ya mtandao.
(e) Prosesa humwarifu kidhibiti katizo kwamba kazi imekwisha. Hatua hii tutaiita tamati ya katizo.
(f) Prosesa hurejea kwenye kazi yake ya awali.

Hatua ya (d) pekee ndiyo yenye manufaa kwa mtumiaji. Zilizobaki ni gharama za safari. Aidha, kuna gharama iliyojificha: prosesa inaporuka kwenda kwenye kiendeshaji na kurudi, ile akiba ndogo ya kumbukumbu iliyo karibu nayo hujazwa data nyingine, na kazi ya awali huendelea kwa kujikokota hadi data yake irudishwe.

Habari zikija mara chache, gharama hizi hazidhuru. Zikija kwa wingi, hali hubadilika. Mogul na Ramakrishnan (1996) walionyesha kwamba mfumo unaotegemea makatizo tu unaweza kufika mahali ambapo prosesa hutumia wakati wake wote kupokea pakiti mpya, isipate nafasi ya kuzikamilisha zile ilizokwisha kuzipokea. Mfumo huwa una shughuli nyingi kupita kiasi, lakini kazi inayotoka ni sifuri. Dawa waliyoipendekeza ilikuwa kuchanganya njia mbili tulizozitaja: katizo la kwanza liamshe kiendeshaji, kisha kiendeshaji kizime makatizo na kuchungulia foleni kwa kiwango maalumu, na kiyawashe tena foleni inapokwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 utaratibu wa aina hiyo uliingizwa katika viendeshaji vya mtandao vya Linux. Tutaurejea hapo chini, kwa sababu manufaa yake katika mashine pepe ni makubwa kuliko katika kompyuta halisi.

3.0 Mashine Pepe na Mvuko

3.1 Mgeni na mwenyeji

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu. Mfumo wa uendeshaji unaowekwa ndani yake huona prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, nao hudhani kwamba vitu hivyo ni vyake peke yake. Ukweli ni kwamba kuna programu simamizi inayoigawa kompyuta halisi miongoni mwa mashine kadhaa za namna hiyo. Wazo hili si geni: IBM ililifanyia kazi katika miaka ya 1960 na kutoa mfumo wa VM/370 mwaka 1972. Katika kompyuta ndogo lilienea baada ya VMware Workstation (1999) na Xen (2003). Intel iliongeza msaada wa mashine pepe ndani ya prosesa zake mwaka 2005, na mwaka 2007 programu simamizi ya KVM ikawa sehemu ya Linux. Huduma za kukodi kompyuta kupitia intaneti zimesimama juu ya msingi huu.

Katika makala haya mfumo wa uendeshaji ulio ndani ya mashine pepe tutauita mgeni. Programu simamizi, pamoja na mfumo unaoibeba, tutauita mwenyeji.

Popek na Goldberg (1974) walitaja sifa tatu ambazo programu simamizi inapaswa kuwa nazo. Programu iendayo ndani ya mashine pepe itende kama ambavyo ingetenda katika kompyuta halisi. Amri zake nyingi zitekelezwe na prosesa moja kwa moja bila kuingiliwa. Na rasilimali zote zibaki mikononi mwa programu simamizi. Sifa ya pili na ya tatu huvutana. Mgeni anapojumlisha namba, prosesa hutekeleza amri yake moja kwa moja. Lakini anapotaka kukigusa kifaa, mwenyeji lazima aingilie kati, kwa sababu kifaa hicho ama ni cha wote ama hakipo kabisa isipokuwa kwa kuigizwa. Hapo prosesa humwacha mgeni, huhifadhi hali yake yote, humpa mwenyeji nafasi, kisha humrudia mgeni. Kwenda na kurudi huko ndiko tunakokuita mvuko.

3.2 Safari ya pakiti moja

Tuchukue pakiti moja inayotoka nje kuja kwa mgeni, katika mashine pepe isiyo na maboresho yoyote. Kadi halisi humkatiza prosesa wakati mgeni anafanya kazi: huo ni mvuko wa kwanza, kwani katizo la kifaa halisi ni mali ya mwenyeji. Mwenyeji hupokea pakiti, hutambua kwamba ni ya mgeni fulani, huiweka katika kumbukumbu yake na kumpelekea katizo pepe. Kama mgeni huyo anaendelea kufanya kazi katika prosesa nyingine, hana budi kusimamishwa ili katizo liingizwe: mvuko wa pili. Kiendeshaji cha mgeni huamka na kusoma rejista ya kifaa ili kujua sababu ya kukatizwa. Kifaa ni cha kuigizwa, kwa hiyo kusoma huko ni mvuko wa tatu. Kinapomaliza huandika tamati ya katizo katika kidhibiti katizo, ambacho nacho ni cha kuigizwa: mvuko wa nne. Ikiwa mgeni anataka kujibu, ataandika tena katika rejista ya kadi ili kumwarifu mwenyeji kwamba kuna pakiti ya kupelekwa. Taarifa hii ya mgeni kwa mwenyeji tunaiita hodi, na kila hodi ni mvuko mwingine.

Katika orodha hiyo mivuko miwili tu ndiyo iliyotokana na kufika kwa makatizo. Mwingine ulitokana na kusoma rejista, mwingine na tamati, na mwingine na hodi. Mtu anayehesabu makatizo peke yake atakuwa ameacha nje sehemu kubwa ya gharama.

3.3 Hesabu ya mfano

Ili ukubwa wa tatizo uonekane, tufanye hesabu. Pakiti kubwa ya kawaida ya Ethernet, pamoja na vichwa na nafasi inayoachwa baina ya pakiti, huchukua baiti 1,538 katika waya. Mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde ukijaa huweza kubeba pakiti kama hizo 81,274 kwa sekunde. Tuchukulie kwamba kila pakiti huleta katizo moja, kila katizo huleta mivuko miwili tu, na kila mvuko hugharimu mapigo 2,000 ya saa ya prosesa. Namba hizi mbili za mwisho ni za mfano. Gharama halisi hutofautiana kutoka prosesa moja hadi nyingine.

Mivuko hiyo itatumia mapigo milioni 325 kwa sekunde. Katika prosesa yenye mapigo bilioni 3 kwa sekunde, hiyo ni asilimia 10.8 ya nguvu yote, kabla ya mgeni kusoma hata herufi moja ya alicholetewa. Mtandao ukiwa wa gigabiti 10, mahitaji huwa mapigo bilioni 3.25. Yaani prosesa nzima haitoshi kulipa nauli peke yake.

4.0 Mbinu za Kupunguza Gharama

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, gharama yote ni zao la idadi ya mivuko na bei ya kila mvuko. Watengenezaji wa prosesa wameipunguza bei hiyo kwa miaka mingi, lakini mwandishi wa kiendeshaji hana mamlaka juu yake. Anachoweza kukipunguza ni idadi.

4.1 Ulimbikizaji

Mbinu ya kwanza ni kulimbikiza: badala ya katizo kwa kila pakiti, mwenyeji huacha pakiti kadhaa zijikusanye ndipo alete katizo moja. Tukirejea hesabu yetu, pakiti 16 kwa kila katizo hushusha gharama katika mtandao wa gigabiti 10 kutoka mapigo bilioni 3.25 hadi milioni 203, yaani asilimia 6.8 ya prosesa.

Hata hivyo, ulimbikizaji hulipiwa kwa muda. Katika mtandao wa gigabiti 1 uliojaa, pakiti hufuatana kwa mikrosekunde 12.3. Pakiti ya kwanza katika kundi la 16 itasubiri wenzake 15, yaani takriban mikrosekunde 185. Mtandao usipojaa hali huwa mbaya zaidi: pakiti ikija peke yake, ingesubiri wenzake wasiokuja. Kwa sababu hiyo, ulimbikizaji huambatana na kikomo cha muda, ambapo katizo hupelekwa idadi inapotimia au muda unapokwisha, lolote litakalotangulia.

Kwa upande wa diski, Ahmad, Gulati na Mashtizadeh (2011) wa VMware walieleza njia isiyotegemea vipima muda, ambavyo navyo vina gharama yake katika mashine pepe. Waliangalia idadi ya maombi ambayo mgeni ameyapeleka na bado hayajajibiwa. Kama maombi yaliyo njiani ni mengi, kuchelewesha taarifa ya moja lililokamilika hakudhuru sana, kwani mengine yatakamilika hivi punde na taarifa zao zitakwenda pamoja. Kama ombi ni moja tu, mgeni huenda ameacha kila kitu akilingoja, na kumchelewesha ni kumsimamishia kazi. Kwa hiyo kiwango cha kulimbikiza hupanda na kushuka kulingana na wingi huo. Uzuri wa njia hii ni kwamba hutumia habari ambayo mwenyeji tayari anayo.

4.2 Kuzima katizo na kuchungulia

Utaratibu uliotajwa katika sehemu ya 2.0 hufanya kazi vizuri zaidi katika mashine pepe. Katizo la kwanza linapofika, kiendeshaji cha mgeni humtaka mwenyeji asimkatize tena, kisha huchungulia foleni hadi iishe. Uchunguliaji huu hauna mvuko, mradi foleni imo katika kumbukumbu inayoonwa na pande zote mbili. Kadiri pakiti zinavyozidi kuja, ndivyo kiendeshaji kinavyokaa muda mrefu katika uchunguliaji na makatizo yanavyopungua. Mfumo hujirekebisha wenyewe.

Lipo jambo moja ambalo mwandishi wa kiendeshaji asipoliangalia litamponza. Tuseme kiendeshaji kimechungulia foleni kikaikuta tupu, na sasa kinataka kuwasha makatizo. Baina ya kuchungulia na kuwasha pana nafasi ndogo. Pakiti ikiingia hapo, mwenyeji hatapeleka katizo, kwa maana bado anaambiwa asikatize. Na kiendeshaji hakitaiona, kwa maana kimekwisha kutazama. Pakiti itakaa katika foleni hadi nyingine ije, na kama mgeni alikuwa akiingoja hiyo hiyo, mawasiliano yatasimama. Hivyo kanuni ni hii: washa makatizo kwanza, kisha chungulia tena mara moja. Ukikuta kitu, zima na uendelee na kazi. Pamoja na hayo, lazima prosesa izuiwe kubadili mpangilio wa hatua hizi mbili, kwa sababu prosesa za kisasa huweza kusoma kumbukumbu kabla maandishi yaliyotangulia hayajaonekana kwa wengine. Kasoro ya namna hii haijitokezi katika majaribio ya kawaida. Hujitokeza mara moja moja, mzigo unapokuwa mkubwa.

4.3 Kupunguza hodi

Mbinu mbili za kwanza zinahusu upande wa mwenyeji kwa mgeni. Upande wa pili una gharama yake pia. Tatizo hili lilionekana mapema: Sugerman, Venkitachalam na Lim (2001), walipochunguza kadi ya mtandao ya kuigizwa katika VMware Workstation, walikuta kwamba upelekaji wa pakiti moja ulimlazimu mgeni kuzigusa rejista za kadi mara kadhaa, na kwamba nyingi ya mivuko hiyo haikuhitaji kumfikia mwenyeji kamili. Mojawapo ya tiba zao ilikuwa kuziweka pakiti zinazotoka katika foleni hadi mvuko unaofuata, ambao ungetokea kwa sababu nyingine hata hivyo.

Suluhisho la kina zaidi ni kuacha kuigiza kadi halisi, na kubuni kifaa ambacho tangu mwanzo kinajua kwamba kimo ndani ya mashine pepe. Xen ilifuata njia hii, na Russell (2008) alipendekeza utaratibu wa virtio, ambao baadaye ulifanywa kuwa kiwango rasmi. Katika virtio mgeni na mwenyeji hushirikiana foleni zilizomo katika kumbukumbu. Mgeni huweka maelezo ya pakiti katika foleni, na baada ya hapo hupiga hodi ikibidi. Sharti hilo la "ikibidi" ndilo kiini cha mbinu. Mwenyeji ambaye tayari anaishughulikia foleni huweka alama katika kumbukumbu kumwambia mgeni asipige hodi. Naye mgeni anayechungulia huweka alama yake kumwambia mwenyeji asikatize. Kuisoma alama ni kusoma kumbukumbu tu, hakuna mvuko.

Utaratibu huo uliboreshwa kwa namba badala ya alama. Kila upande huandika ni kipengee cha ngapi katika foleni kitakachofanya uarifiwe. Kwa mfano, mgeni aliyemaliza kipengee cha 24 na anayetaka kuamshwa baada ya vingine 16 huandika namba inayolingana na kipengee cha 40, na mwenyeji hunyamaza hadi kipengee hicho kikamilike. Hapa ulimbikizaji na unyamazishaji vimeungana, na anayeamua kiwango ni yule atakayeamshwa, ambaye ndiye ajuaye shughuli zake. Kiendeshaji hakina budi kukumbuka kwamba ombi la kutokatizwa ni nasaha tu. Katizo linaweza kufika lisipotarajiwa, na kiendeshaji lazima kilivumilie.

Kwa upande wa upelekaji, kiendeshaji huweza kwenda mbali zaidi. Taarifa kwamba pakiti iliyotumwa imekwisha kuondoka haina haraka. Kazi yake ni kurudisha nafasi ya kumbukumbu. Kiendeshaji huweza kuyazima makatizo ya namna hiyo kabisa, na kukusanya nafasi zilizoachwa kila kinapotuma pakiti nyingine.

Mwisho, kutumia katizo la pekee kwa kila foleni huondoa ule mvuko wa kusoma rejista tuliouona katika sehemu ya 3.2. Katizo likiwa na namba yake, kiendeshaji hakina haja ya kuuliza sababu ya kukatizwa.

4.4 Kuondoa mvuko wenyewe

Mbinu za hapo juu hupunguza mara za kuvuka. Nyingine hujaribu kuondoa haja ya kuvuka. Gordon na wenzake (2012), wa maabara ya IBM iliyoko Haifa na chuo cha Technion, walishughulikia hali ambapo kifaa halisi kimekabidhiwa mgeni mmoja. Katika hali hiyo hakuna sababu ya katizo la kifaa hicho kupitia kwa mwenyeji, ila prosesa za wakati ule hazikuweza kumpa mgeni baadhi ya makatizo na kumnyima mengine. Mbinu yao, iitwayo ELI, ilimpa mgeni jedwali la makatizo lililoandaliwa na mwenyeji: makatizo ya kifaa alichokabidhiwa yaliingia moja kwa moja, na mengine yote yalisababisha hitilafu iliyorudisha prosesa kwa mwenyeji. Tamati ya katizo nayo iliachiwa mgeni aiandike mwenyewe. Waliripoti kwamba wageni walifikia asilimia 97 hadi 100 ya utendaji wa kompyuta isiyo na mashine pepe.

Katika miaka ya 2010 watengenezaji wa prosesa waliingiza uwezo wa namna hiyo katika prosesa zenyewe: katizo huandikwa katika eneo la kumbukumbu, na prosesa humfikishia mgeni aliye kazini bila mvuko, tamati nayo hushughulikiwa bila mvuko katika hali nyingi. Mafanikio haya hayakuzifuta mbinu za awali. Katizo lisilo na mvuko bado hupitia hatua zote za sehemu ya 2.0, na hodi haikuguswa. Kadhalika, mgeni aliyelala kwa kukosa kazi lazima aamshwe na mwenyeji, na kuamsha ni ghali.

5.0 Uchaguzi wa Mbinu

Hakuna mbinu inayofaa kila mzigo. Kwa ufupi tunaweza kusema yafuatayo:

(a) Mzigo wa wingi, kama kunakili mafaili makubwa, hufaidika na ulimbikizaji mkubwa, kwani hakuna anayeingoja pakiti moja mahususi.
(b) Mzigo wa swali na jibu, kama wa hifadhidata, huumizwa na ulimbikizaji usiojirekebisha. Humo unyamazishaji wa hodi na makatizo kwa namba hufaa zaidi.
(c) Mzigo mkubwa usiokoma huweza kuhalalisha prosesa nzima ichungulie tu. Lakini uchunguliaji hula prosesa hata pasipo na kitu cha kuona, na katika kompyuta inayogawanywa na wageni wengi, prosesa hiyo imechukuliwa kutoka kwa mwingine.

Kabla ya kuchagua, mtafiti ahesabu mivuko na kuipanga kwa sababu zake. Linux ina zana za kufanya hivyo kwa KVM. Ikiwa sehemu kubwa ya mivuko ni hodi, kulimbikiza makatizo hakutasaidia. Ikiwa ni mgeni kulala na kuamshwa, kunyamazisha hodi hakutasaidia. Hapa ndipo matumizi sahihi ya istilahi yanapokuwa suala la utendaji.

6.0 Kuhusu Istilahi

Istilahi ya katizo inatokana na kitenzi katiza. Inaweza kupingwa kwa hoja kwamba katika maisha ya kawaida kukatizwa ni karaha au hitilafu, kama umeme unapokatizwa, ilhali katizo la kompyuta ni jambo la kawaida na la lazima. Tumeipendelea kwa sababu mnyambuliko wake unatosheleza mahitaji: kifaa hukatiza, prosesa hukatizwa, na mwenyeji huombwa asikatize.

Kwa taarifa ya mgeni kwa mwenyeji, neno arifa lingeweza kutumika, ila halionyeshi nani anamwarifu nani. Hodi inaonyesha: huipiga aliye nje kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hapigi hodi kwake. Tena desturi yenyewe inakubaliana na mbinu ya virtio. Mwenyeji akiwa amesimama mlangoni anapokea wageni, hodi haina haja.

Mvuko unatokana na vuka. Tulikuwa na uwezekano wa kutumia utokaji, lakini neno hilo hutaja nusu ya safari, nayo gharama hulipwa kwenda na kurudi. Aidha mvuko unahesabika kwa urahisi: mvuko mmoja, mivuko miwili.

Uchunguliaji una dosari ya kudokeza siri, lakini unabeba wazo la kutazama upesi na kurudia. Ulimbikizaji, kwa upande wake, una mzizi wenye faida ya pekee. Kulimbika maji ya kisima ni kuyaacha yajikusanye kabla ya kuyateka. Neno linabeba kukusanya na kusubiri kwa pamoja, na hivyo ndivyo mbinu yenyewe ilivyo: mtu hawezi kupata faida ya kwanza bila kulipa gharama ya pili.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika mashine pepe kinachogharimu ni mvuko, na kwamba katizo ni sababu mojawapo tu ya mvuko. Mbinu zote tulizozieleza, tangu ulimbikizaji hadi katizo linaloingia moja kwa moja, hulenga ama kubeba kazi nyingi kwa mvuko mmoja ama kutovuka kabisa, na kila moja ina gharama yake ya muda au ya nguvu ya prosesa. Kwa upande wa lugha, tumeona kwamba Kiswahili kinaweza kuyaeleza mambo haya kwa maneno yake ya siku zote, mradi kila dhana ipewe neno lake na neno hilo lisitumiwe kwa dhana jirani. Utafiti zaidi unahitajika katika istilahi za kumbukumbu inayoshirikiwa na mpangilio wa usomaji na uandishi wake. Suala hilo tuliligusa kwa uchache katika sehemu ya 4.2, na ndilo ambalo kasoro nyingi za viendeshaji hujificha ndani yake.